Mvua Ikianza Kibabii

Machi inapokaribia kwisha, watu wa Uingereza, Poland na Urusi huanza kutazama juu wakimngoja mbayuwayu wa kwanza. Anayemwona huandika tarehe na kuwaambia majirani, maana baridi imefika mwisho. Lakini mbayuwayu huyo ametoka mahali fulani. Wiki chache kabla ya kushangiliwa huko, alikuwa juu ya waya wa stima sehemu kama Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, akijichambua manyoya huku chini yake vijana wa bodaboda wakisubiri abiria. Upande wetu wa safari hiyo huandikwa kwa nadra. Nilikwenda Kibabii kuutazama, kisha nikapanda hadi Kitale, kwa sababu naamini kwamba kinachofurahiwa kule hutengenezwa huku.

Ukifika Kanduyi unapanda matatu za Chwele, na haichukui muda kufika Kibabii. Chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2015 kimeleta nyumba za kupanga, vibanda vya chipsi na maduka ya kutoa nakala, lakini nyuma ya nyumba hizo mashamba bado yapo: mahindi, migomba, miwa, na nduma kule bondeni penye unyevu. Nilifikia kwa mama mzee ambaye boma zima humwita Kukhu, nami nikamwita hivyo hivyo. Alinikaribisha kwa chai na akaniambia nisimzuie kazi, kwani mvua ilikuwa imeshapiga mara mbili na mbegu zilikuwa bado ndani ya gunia.

Asubuhi katika boma la namna hiyo haihitaji darubini. Kabla ya mwanga kukamilika, kwarara hupita juu wakipiga kelele zao zinazoamsha hata aliyelala kwa uchovu. Kisha kuzumburu huja kwenye mpapai, kundi zima, mikia mirefu ikining'inia, wanakula tunda lililoiva mpaka libaki ganda. Shorewanda hukaa kwenye mpera. Chozi, ndege mdogo anayeng'aa, huingiza mdomo wake uliopinda kwenye ua la mgomba. Hawa ni wenyeji; hawaendi popote. Ila mvua huwabadilisha. Mnana dume, ambao miezi ya kiangazi walikuwa wamefifia rangi, sasa walikuwa wa manjano makali na kazi ilikuwa imeanza kwenye mti ulio karibu na choo. Dume huchana ukanda wa jani, hulisuka tundu, huning'inia chini yake akipiga mabawa. Jike huja, huingia, hutoka. Asiporidhika huondoka, na tundu likichakaa bila kupata mwenyewe dume hulibomoa na kuanza upya. Niliwatazama muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Kuna mmoja husikika tu. Huita sauti tatu zinazoshuka, na kurudia kutwa nzima bila kuchoka, kutoka ndani ya mti wenye majani mengi. Ni kekeo mwenye kifua chekundu, ambaye watu wengi wa Afrika Mashariki humjua kama ndege wa mvua. Hatoki ng'ambo, huhamahama ndani ya bara hili hili akifuata mvua, na hutaga mayai yake kwenye viota vya ndege wengine wadogo. Kukhu alisema bila kuinua macho kwenye jembe, "Huyo akianza, sisi tunatoa mbegu." Nilimuuliza kama amewahi kumwona. Akasema kumwona kuna faida gani, kazi yake ni kuita.

Basi kwa wakati mmoja, katika boma moja, mvua huwaleta wengine na kuwafukuza wengine. Wanaoondoka ndio niliowafuata.

Mbayuwayu wa Ulaya na Asia huanza kuonekana Kenya kati ya Agosti na Novemba, na hupungua kuanzia Machi hadi Mei. Ukihesabu miezi, utaona kwamba huko wanakozalia hukaa sehemu ndogo tu ya mwaka. Muda mwingi zaidi wako Afrika au njiani. Tena wanapokuwa Afrika ndipo hubadilisha manyoya yao yote ya kurukia, pamoja na ile mikia mirefu yenye ncha mbili. Mwaka 1988 mtafiti Anders Pape Møller alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya Denmark, akionyesha kwamba majike huwapendelea madume wenye mikia mirefu zaidi. Nilipokuwa nimesimama kando ya barabara ya Chwele nikiwatazama madume waliokuwa tayari kusafiri, mikia yao ikiwa mipya bila unyoya uliovunjika, nilifikiri juu ya hilo kwa furaha ya kweli. Mkia utakaompatia mchumba huko Denmark uliota Afrika, kwa inzi na mbu wa mabonde kama haya.

Jioni hujikusanya. Hulala kwa maelfu kwenye matete, na miwa pia huwafaa. Anayetaka kujua kama wameanza kuondoka atazame saa hiyo ya jua kuzama: juma hili anga limejaa, juma lijalo kuna wachache, na hakuna aliyewaona wakiaga.

Malishoni kulikuwa na mwingine, ndege mwembamba anayetikisa mkia bila kutulia, anayetembea kati ya miguu ya ng'ombe akidaka wadudu wanaoruka. Oktoba anapofika huwa amepauka kiasi kwamba mtu hamtambui. Lakini kufikia Machi dume huwa tumbo lake ni la manjano kama anavyotakiwa awe atakapofika kwao. Huvaa vizuri hapa, halafu huenda. Uwanja wa mpira wa shule ulikuwa nao wengi, nao wanafunzi walicheza bila kuwajali, wala ndege hawakuwajali wao.

Siku mvua iliponyesha mchana na jua kutoka baadaye, kumbikumbi waliruka. Watoto ndio waliojua kwanza. Walikimbia na mabeseni, wakafunika kichuguu kwa blanketi kuukuu na majani ya migomba, wakaacha tundu moja la kutokea, kwa maana chiswa, yaani kumbikumbi hao, hukaangwa na kuliwa, na sokoni huuzwa kwa kikombe. Ila vichuguu ni vingi kuliko watoto. Kila mahali ardhi ilikuwa ikitoa mabawa. Kuku walijaza vifuko vya shingo mpaka wakashindwa kutembea vizuri. Mwewe walikuja kutoka upande wa mjini, wakawa wanadaka kwa makucha na kula huko huko hewani, kichwa kimeinama, bila kutua. Juu yao mbayuwayu. Juu zaidi, sauti ile laini ya keremkerem wa Ulaya, ambao husikika kabla ya kuonekana, nao wakashuka duara kwa duara, kahawia, manjano na buluu. Akapita kozi mdogo mwenye mabawa membamba, mmoja wa wale wanaozalia Ulaya na Asia, akavuna na kupotea.

Kumbikumbi ana mafuta mengi, ndiyo sababu ni mtamu. Na msafiri anayetakiwa kuvuka Sudan na Sahara anahitaji mafuta kuliko kitu chochote. Ndege wengi wadogo huongeza uzito kwa kiasi kikubwa kabla ya kuanza safari, na akiba hiyo ndiyo petroli yao. Mchwa huyu huruka mvua zikianza, na mvua zikianza ndipo wageni huondoka. Sijui nani asingeshangaa kuona jambo hilo likitendeka juu ya paa la mabati huku watoto wakicheka.

Sasa nije kwenye swali lililonisumbua zaidi. Kwenye mparachichi wa Kukhu kulikuwa na ndege mdogo sana, kijani kilichochanganyika na manjano, ambaye asiyezoea angempita. Uzito wake ni karibu gramu 10. Huzalia misituni kuanzia Skandinavia hadi ndani kabisa ya Urusi. Ndege akiwa Ulaya anaweza kujua majira kwa kuangalia mchana unavyorefuka au kufupika. Lakini Kibabii iko chini ya digrii moja kutoka ikweta. Kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mzima tofauti ni dakika chache tu. Theluji ya Urusi inayeyuka au haijayeyuka, ndege aliye kwenye mparachichi hapa atajuaje?

Jibu lilipatikana kwa kuwafungia. Katika miaka ya 1960 Mjerumani Eberhard Gwinner aliwaweka ndege wa aina hii hii ndani ya chumba ambacho hakikubadilika: masaa 12 ya mwanga, masaa 12 ya giza, wiki baada ya wiki, kama ilivyo kwenye ikweta. Hata hivyo, majira ya safari yalipofika ndege walianza kuhangaika usiku, wakirukaruka kwenye vizimba, wakati ambao wenzao walio huru husafiri. Walinenepa kwa wakati wake, wakabadilisha manyoya kwa wakati wake. Kumbe saa iko ndani ya mwili, imezaliwa nao. Nilimweleza Kukhu habari hii tukiwa tunachambua maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kuku wake pia hujua siku ya kuangua bila kuwa na kalenda.

Watu wa Ulaya wenyewe walichukua muda mrefu kuamini kwamba ndege wao huja Afrika. Aristotle aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi, na mawazo ya namna hiyo yaliishi kwa karne nyingi. Kilichowatikisa ni korongo mmoja mweupe aliyepigwa risasi mwaka 1822 karibu na Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, akiwa na mkuki umemchoma shingoni, mrefu karibu sentimita 80, wa mti wa Afrika. Alikuwa ameruka nao mpaka nyumbani. Bado yuko, amekaushwa, katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwaka 1899 Mdenmark Hans Christian Mortensen alianza kuwafunga ndege pete zenye namba, na mwaka 1912 mbayuwayu aliyekuwa amefungwa pete Uingereza mwaka uliotangulia alipatikana Natal, Afrika Kusini. Katika vitabu vingi sifa huenda kwa wenye pete. Mimi humkumbuka aliyerusha mkuki. Hakuna anayelijua jina lake, na ndiye aliyepeleka Ulaya ushahidi wa kwanza ambao mtu angeweza kuushika mkononi.

Kutoka Kibabii nilipanda kwenda Chwele, halafu Kimilili, Mlima Elgon ukiwa mkono wa kushoto na mawingu yakiwa yameufunika kuanzia katikati. Baada ya Kamukuywa ardhi hufunguka. Kufikia Kiminini umeshaingia Trans Nzoia, na mashamba hayawi tena ya kujitosheleza kwa familia. Ni marefu, yanalimwa kwa trekta, udongo mwekundu umegeuzwa mpaka macho yanapokomea. Hapo ndipo nilipowaona korongo weupe, kundi kubwa, wakitembea nyuma ya trekta kwa utaratibu, miguu mirefu myekundu, wakiokota kila kilichofunuliwa na plau. Nilimwomba dereva wa matatu anishushe. Abiria walinung'unika kidogo, kisha mmoja akasema, "Muache mwalimu, anataka kuona ndege wake."

Korongo hasafiri kwa nguvu za mabawa tu kama mbayuwayu. Hungoja ardhi ipate joto, hupanda na hewa inayoinuka bila kupiga mabawa, halafu huteleza mbele mpaka apate hewa nyingine. Juu ya bahari hewa hiyo haipo, kwa hiyo kundi la mashariki hukwepa Mediterania: hufuata Nile kwenda kaskazini, hupita Sinai na Israeli, huvuka mlango wa Bosphorus pale Istanbul, ndipo hutawanyika kuelekea Poland na nchi jirani. Karibu saa nne asubuhi trekta ilipozimwa, mmoja alianza kupanda, wa pili, wa tatu, na muda si muda shamba likabaki na yangeyange peke yao.

Mkulima aliyekuwa akisimamia kazi alikuja kuniuliza ninatafuta nini. Tulizungumza kuhusu viwavijeshi. Wale wa asili, wanaokuja kwa makundi baada ya mvua kuanza, korongo huwala kwa wingi sana, na wazee wa huku huwafurahia wageni hao kwa sababu hiyo. Lakini mwaka 2017 aliingia kiwavi mwingine, wa kutoka mabara ya Amerika, akaonekana kwanza katika kaunti hizi za magharibi, Bungoma na Trans Nzoia zikiwemo. Huyu hujificha ndani ya mhindi, korongo hamfikii kwa urahisi, na tangu hapo pampu ya dawa haitoki mgongoni mwa mkulima. Sina neno la kumlaumu. Mahindi ndiyo ada ya shule. Ila dawa hazichagui mdudu, na anayeishi kwa wadudu anapata hasara mara mbili: chakula kinapungua, na kilichobaki kina sumu.

Lipo jambo baya zaidi ya hilo, na liko kwenye mto unaopita huku. Nzoia huteremka kutoka huku juu, hupita Webuye na maporomoko ya Nabuyole, mpaka mashamba ya mpunga ya Bunyala karibu na ziwa. Huko, kuanzia 2009, mtafiti Martin Odino alirekodi jinsi wawindaji walivyotumia dawa ya wadudu ya kabofurani kuua ndege makusudi. Walitia sumu kwenye konokono ambao korongo domo-wazi hula, wakafunga ndege walio hai ili wawaite wenzao, kisha nyama ikauzwa kwa watu. Nimesoma habari hizo zaidi ya mara moja na kila mara nimehisi hasira ile ile. Msafiri anaweza kuvuka jangwa zima na kufia kwenye jaruba.

Kitale nilipita jumba la makumbusho. Hugh Stoneham aliyekuwa mwanajeshi alilianza mwaka 1926 kama mkusanyiko wake binafsi, na mwaka 1974 likafunguliwa kuwa makumbusho ya taifa ya magharibi mwa Kenya. Ndege waliokaushwa wako kwenye kabati za kioo, na mimi sikukaa nao, kwa kuwa nyuma ya jumba kuna kipande cha msitu chenye ndege wazima.

Nilichokitaka zaidi kilikuwa Saiwa, kaskazini mwa mji, upande wa Kapenguria. Ni hifadhi ya taifa ya kilomita za mraba zisizozidi 3, iliyotengwa mwaka 1974 hasa kwa ajili ya nzohe, yule paa wa kwenye maji. Magari hayaingii. Unatembea juu ya njia za mbao na kupanda minara ya kutazamia. Mitini kulikuwa na shorobo wa buluu iliyokolea, domo la manjano, na anapofungua mabawa unakuta wekundu ambao rangi yake imebeba shaba, madini halisi. Lakini mwenye kinamasi ni korongo taji.

Huyu haendi Ulaya. Pengine ndiyo sababu anadhulumiwa zaidi, kwani hana taifa la mbali linalomngoja. Uganda imemweka kwenye bendera, nasi huku tunamwona kwenye mahindi machanga na kumfukuza kwa mawe. Hujenga kiota ndani ya matete yaliyozungukwa na maji, mayai mawili au matatu, na bila maji hayo kiota ni chakula cha mbwa. Kila kinamasi kinapochimbwa mtaro ili kipandwe mahindi, au kuzungushiwa mikaratusi inayonyonya maji, jozi moja hukosa pa kuzalia. Mayai huchukuliwa, vifaranga huuzwa wakafugwe. Tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Pembeni mwa hifadhi wako wakulima wa Kipsaina, ambao tangu miaka ya 1990 wana kikundi chao cha kulinda korongo na ardhi oevu. Wanaotesha miche ya miti ya kienyeji, na wanawashawishi majirani waache ukanda wa matete kando ya maji. Kijana mmoja wa pale alinitembeza kwenye shamba la baba yake. Alijua kiota kiko wapi na hakunipeleka karibu, jambo lililonifanya nimheshimu mara moja.

Nilimwonyesha ramani ya ndege wa Kenya, kazi iliyoanza mwaka 2013, ambayo imeigawa nchi nzima katika miraba ya karibu kilomita 9 kwa 9. Mtu yeyote anaweza kuandika alichokiona katika mraba wake. Nairobi imejaa rekodi, kwa sababu huko kuna watu waliofundishwa na matembezi ya Jumatano asubuhi ambayo Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971, na mimi ni mmoja wao. Miraba mingi ya huku ina rekodi chache. Bila rekodi hizo, mbayuwayu wakipungua Poland, lawama itatafutwa Poland peke yake, na korongo taji akipotea Kipsaina hakutakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba alikuwepo.

Tuliweka programu ya ramani hiyo kwenye simu yake. Nikamweleza masharti: orodha kamili inahitaji angalau masaa mawili ya kutafuta kwa bidii, na unaweza kuendelea kuiongeza hadi siku tano. Akasema siku tano si tatizo, kwa sababu nyasi za ng'ombe anazikata kandokando ya kinamasi hicho kila siku.